Mkono wa Ratili Thalathini

Amu, mwezi 12 Mfungo Tisa, 1386

Kwa mjukuu wangu Hashim,

Salamu zako ziko chini kabisa ya barua hii. Uzifikie baada ya kukaripiwa.

Stepla uliyonitumia imefika. Bwana Shekhan mwenye duka kaileta hadi ukumbini, akiibeba kama mtoto aliyetoka kutahiriwa. Nikaipokea, nikakuombea dua, nikaitia karatasi kinywani, nikabonyeza. Haikufanya kitu. Nikabonyeza kwa mikono miwili. Pini ikatoka nusu, nusu ikakwama ndani. Nikaiweka chini nikaikanyaga kwa kisigino. Karatasi ikapasuka, dalia yote ikamwagika, unga wa manjano mpaka kizingitini. Sasa mkeka wangu unanukia kama bibi harusi, na mimi sina pakiti moya ya kuuza.

Mashini hiyo kaiunda nani? Kaiunda mwanamume kwa ajili ya mwanamume mwenzake, mtu wa kukaa kitini ambaye mkono wake haujafanya kazi nyingine tangu asubuhi. Mkono wangu umekuna nazi, umetwanga sandali, umesinga maharusi wa mji huu, na mama yako mmoya wao. Mkono hauna kosa. Kosa ni la chombo.

Na usiniulize kwa nini siku hizi sishoni pakiti kwa sindano. Sindano za sasa matundu yao hayana adabu.

Unajua alivyoapa baba yako. Mwanangu Mahmud, niliyemnyonyesha miaka miwili kamili, alisimama ukumbini mwangu Idi iliyopita, mbele ya Bi Esha mke wa Shekhan, mwanamke ambaye ulimi wake hauna mlango, akasema: "Mama, siku utakaposhindwa kufunga dalia yako kwa mkono wako mwenyewe, ndiyo siku ninayokuja kukutwaa. Utakaa kwangu Mombasa, na nyumba hii tutaitia kufuli." Mombasa! Ngazi yuu ya ngazi, na jirani humjui hata kwa kikohozi chake. Nimezaliwa katika nyumba hii. Nitatoka humu kwa jeneza, si kwa mkono wa Mahmud.

Basi wewe si fundi? Si unajifunza kwa huyo Bwana Rufus kutengeneza mashini za taipu? Niundie stepla isiyobishana na mtu. Na baba yako usimsomee haya. Mwambie bibi anasalimia.

Haya, salamu.

Bibi yako,
Mwanaarabu


Mombasa, 4 Oktoba 1966

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua niliisoma peke yangu. Baba ameziacha herufi za Kiarabu tangu alipoanza kazi bandarini, kwa hiyo hati yako ni kufuli tosha.

Nimeifungua stepla nyingine hapa karakanani, nikaona hasira yako ni ya haki. Ndani yake hamna kitu cha kumsaidia mtu. Kuna kamani ndogo, waya uliosokotwa, ya kurudisha mpini juu, basi. Nguvu yote ya kuisukuma pini inatoka kiganjani, tena kwa ghafla moja.

Lakini fikiria mtego wa panya, Bibi. Unaukaza polepole kwa vidole, kisha wenyewe unapiga kwa nguvu ambayo vidole havina. Nataka kuunda stepla ya namna hiyo. Mpini mrefu ukaze kamani taratibu, na ukifika mwisho kamani ifyatuke, ipige pini. Mkono usipige tena, ukaze tu.

Nimemwonyesha Bwana Rufus mchoro. Alikuna kidevu akasema, "Kamani haitengenezwi kwa kukisia. Nyanya yako anasukuma ratili ngapi?" Jibu unalo wewe. Tafadhali nenda dukani kwa Bwana Shekhan kwenye ile mizani ya sahani yenye mshale. Weka kiganja juu ya sahani, sukuma kama unavyobonyeza stepla, usome mshale, uniandikie.

Mjukuu wako,
Hashim


Amu, mwezi 27 Mfungo Tisa, 1386

Hashim,

Umenitia aibu ya mji mzima. Nilikwenda adhuhuri Shekhan akiwa msikitini, nikidhani duka litakuwa na paka tu. Kumbe kamwachia Esha. Nikaweka kiganja yuu ya sahani.

"Wapima nini, Bi Mwanaarabu?"

"Napima hewa."

"Hewa ya ratili ngapi?"

"Ya kutosha kukufunga kinywa."

Akasogea achungulie. Nikaufunika mshale kwa ncha ya buibui, nikainamisha kitwa nikausoma peke yangu. Mkono umesukuma ratili 3 . Alhamdulillahi kwa alichobakisha. Mwambie huyo Rufus hesabu yake ndiyo hiyo, na asinitume tena dukani kupimwa kama papa mkavu.

Fanya hima. Rajabu yaingia, kisha Shaabani, kisha Ramadhani, na baada ya Idi baba yako huwa na ruhusa ya kazi.

Bibi yako,
Mwanaarabu


Mombasa, 22 Oktoba 1966

Bibi yangu,

Ratili thalathini! Nilimsomea Bwana Rufus, akaweka tupa chini. "Huyo nyanya," akasema, "anaweza kufungua kopo kwa kulitazama tu." Na mimi niliyekuwa nimejiandaa kusikia nane au tisa!

Naomba radhi kwa jambo moja. Sikuweza kunyamaza, nilimwambia Baba. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akawaambia wenzake bandarini, na Ijumaa akawaambia watu msikitini: mama yangu ana mkono wa ratili thalathini. Anasema atakuja Amu baada ya Idi aone kwa macho yake ukifunga dalia, na akiona, neno la kukuleta Mombasa hatalitaja tena maishani. Nilijua utafurahi.

Stepla nampa Bwana Shekhan, yuko hapa kununua mali. Mpini ni wa shibiri moja. Kamani inataka ratili ishirini tu, kwa hiyo utabakiwa na akiba ya kumi. Bonyeza mpaka usikie inafyatuka.

Wako,
Hashim


Amu, mwezi 24 Rajabu, 1386

Hashim,

Umesoma thalathini. Haya. Mato ni yako na shule ni yako. Mimi sikuandika zaidi ya nilichoandika.

Na baba yako kafurahi, kanitangaza msikitini. Afurahi. Mahmud hafurahi mara nyingi, na hata mdogo alikuwa mtoto wa kununa.

Sasa nikueleze hii takataka yako. Mpini mrefu kama mdomo wa korongo, wanichoma tumboni nikiketi. Rangi ya kijani. Nani kakwambia napenda vitu vya rangi ya askari? Uzito wake ukiangukia kidole cha mguu ni msiba. Na yuu ya yote, haiumi. Naitia karatasi kinywani, naibonyeza, inaishika tu kwa ufizi kama mzee. Haiumi! Stepla isiyouma ni ya nini? Nimeiweka chini ya mlango wa jikoni kuuzuia upepo usiufunge, na hata kazi hiyo yaifanya kwa kiburi.

Maharusi wawili wanataka dalia kabla ya Ramadhani. Mmoya nimemwambia sandali haijafika. Sijazoea kusema uongo kuhusu sandali.

Tengeneza upya, na ufikiri kwanza.

Mwanaarabu


Mombasa, 19 Novemba 1966

Bibi yangu,

Shikamoo. Uliandika kwamba haiumi, nikaelewa. Kamani ilikuwa dhaifu. Nimeunda stepla nyingine, kamani yake ni ya waya mnene, inataka ratili ishirini na sita kuikaza. Hii itauma hata gamba la kobe. Rangi nimepaka nyeusi. Mpini nimeukata kidogo usikuchome tumbo.

Nikuambie ukweli, Bibi, nami nimeanza kuchoka. Nimeharibu waya mwingi wa Bwana Rufus, naye anaondoka kwenda kwao Kakamega kwa Krismasi, ameniambia nisiguse mwingine mpaka arudi. Wenzangu hapa wananiita Bwana Pini. Hapa karakanani kila mtu akiibonyeza inafyatuka vizuri. Huko kwako inagoma. Kama kuna kasoro nyingine niambie waziwazi, kwa sababu mimi naifuata barua yako neno kwa neno.

Hashim


Amu, mwezi 19 Shaabani, 1386

Hashim,

Kasoro . ni wewe.

Nakuomba chombo kiwe laini . wewe wakizidisha ugumu. Nasema haiumi . wewe wafikiri meno. Hujafikiri taya . Nimeinyanyua hiyo nyeusi nikaiweka yuu ya ngazi . nikaikalia. Naam nimeikalia . mwanamke wa heshima kama mimi . na Esha kaingia bila hodi . akaniuliza kama nataga.

Sitaki mashini tena. Baba yako akija . nitafunga dalia kwa meno . na akitaka kunitwaa . anitwae na kitanda . na mlango . na ngazi yenyewe.

Usinitajie hati yangu . Kalamu hii ni mbovu . na wino ni wa maji.

Mwanaarabu


Mombasa, 14 Desemba 1966

Kwa Bwana Rufus Wanyama, Kakamega

Mwalimu,

Samahani kukusumbua ukiwa nyumbani. Leo tumeanza kufunga Ramadhani, na tangu alfajiri sina raha. Nimegundua kosa, na ni langu.

Bibi huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tarakimu zake pia ni za Kiarabu, na katika tarakimu hizo sifuri si duara kama yenu. Ni nukta. Tatu ikifuatwa na nukta ni thalathini.

Sasa amenitumia barua ya hasira, imejaa nukta kila mahali, katikati ya maneno ambako hakuna sababu ya kuwa na nukta. Nilidhani ni wino umevuja. Kisha nikamwona Bibi akiiandika, kama vile nimekaa naye ukumbini. Anaandika maneno matatu, mkono unachoka, kalamu inatua juu ya karatasi. Anapumzika, anaendelea. Kila nukta ni mahali mkono wake ulipokaa chini.

Nikaitoa barua ya mizani. Ile thalathini yangu haikuwa thalathini, Mwalimu. Ilikuwa tatu, na pumziko.

Ratili tatu! Nami nimempelekea kamani ya ishirini, na alipolalamika nikampelekea ya ishirini na sita. Aliniambia kweli mara ya kwanza. Niliposoma vibaya na Baba akajivuna mji mzima, akanyamaza. Simlaumu. Ungepewa thalathini bure, ungeirudisha?

Baba anasafiri baada ya Idi. Akifika na Bibi asipoweza, atamleta, na Bibi hapa hatamaliza mwaka. Nifanye nini? Nitengeneze kamani ya ratili tatu?

Mwanafunzi wako,
Hashim Mahmud


Kakamega, 28 Desemba 1966

Hashim,

Habari za kufunga. Sisi huku tunakula kuku, kwa hiyo nakujibu nikiwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba hana hasira.

Kamani ya ratili tatu haitoboi hata jani la mgomba. Usiitengeneze. Pini haitaki huruma ya nyanya yako, inataka nguvu ileile ya siku zote. Shida yako si nguvu, ni kwamba unaitaka yote kwa pigo moja.

Saa ya ukutani inajazwaje? Kidogo kidogo. Rudisha ile kamani ya kwanza na ule mpini mrefu, halafu ongeza kipande cha chuma chenye meno, na ulimi wa kushika meno hayo. Mwendo mzima wa mpini usogeze jino moja tu, ndipo mkono mwepesi utatosha; akibonyeza, ulimi unalishika jino hilo. Akiachilia mkono, kamani hairudi nyuma, inabaki pale alipoifikisha. Anapumzika hata akitaka kunywa chai. Anabonyeza tena, jino la pili. Jino la mwisho ndilo linaloiachia. Asipoteze alichokwisha kupata, hiyo ndiyo kazi yako yote.

Kwenye sanduku langu kuna mashini ya taipu iliyokufa. Meno yako yamo humo. Tumia waya, ile marufuku nimeiondoa.

Kuhusu kumwambia: mama yangu hapa anakataa miwani. Anaisogeza Biblia mbali mpaka mkono unamwishia, halafu anasema maandishi ya siku hizi ni madogo. Sijawahi kumbishia. Ninyi watu wa pwani mna maneno mengi ya adabu, tafuta moja.

R. Wanyama


Mombasa, 15 Januari 1967

Mwalimu,

Inafanya kazi. Nilivunja meno ya kwanza na ya pili, na vidole vyangu vina plasta, lakini inafanya kazi. Mibonyezo mitano, na wa tano unafyatua.

Ila kuna jambo. Jana, siku ya pili ya Idi, nilikuwa naijaribu mezani nyumbani. Ili niwe na hakika niliweka juu ya mpini mfuko wa sukari wa ratili tatu, nikauondoa, nikauweka tena, jino baada ya jino. Sikumsikia Baba akiingia.

"Mbona ratili tatu?" akauliza. "Si thalathini?"

Nilitafuta lile neno la adabu, Mwalimu, sikulipata. Nikashika tu ule mfuko, naye akalisoma jibu usoni mwangu. Aliitazama ile sukari muda mrefu kuliko mtu anavyotazama sukari. Kisha akauliza, "Na wewe umejua tangu lini?" Nikamwambia. Akaibonyeza stepla kwa kidole chake kidogo mpaka ikafyatuka, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda kulala. Leo asubuhi ameondoka kwenda Amu. Hakusema atafanya nini, wala sikuthubutu kumwuliza. Bibi hana habari yoyote.

Hashim


Amu, mwezi 12 Mfungo Mosi, 1386

Hashim,

Baba yako alikuja. Alikuja na sanduku kubwa la bati, jipya, tupu. Alipoliweka ukumbini lililia kama ngoma . Hakusema ni la nini, wala sikumwuliza. Nikampa kahawa. Esha naye akaja kuazima kinu, na kinu chake nakijua kizima.

Mahmud akatoa kitu mfukoni akaniwekea mkekani. Akasema: "Mama, Hashim kaunda nyingine. Lakini ngumu mno. Mimi mwenyewe imenishinda."

Nikamwambia: "Imekushindaje, mwanamume mzima?"

"Tazama." Akaishika. Akabonyeza, akakunja uso, akatoa mishipa ya shingo kama mtu anayeng'oa mwamba, kisha akaiachia, akapangusa kitwa. "Labda wewe, mwenye mkono wa kina Mama."

Sasa sikiliza. Nikatia pakiti ya dalia kinywani mwa hiyo mashini. Nikabonyeza. Ikasema ta. Nikangoja irudi nyuma kama zile mbili zilizolaaniwa. Haikurudi . Ikanisubiri. Nikabonyeza tena, ta. Nikatengeneza ushungi wangu, nikamwuliza Esha habari za mumewe, nikabonyeza tena. Naye Mahmud kakodoa mato kama anayesubiri mwezi wa Idi. Ya tano ikafyatuka, pwa! Esha akaruka, kahawa ikamwagikia. Pakiti imefungwa. Nikaitikisa kitwa chini miguu yuu, haikutoka hata chembe.

Mahmud akasema, "Mashaallah, Mama. Nguvu hizo!" Na akakuna sikio.

Baba yako tangu mtoto akisema uongo hukuna sikio. Siku aliyovunja birika langu alilikuna mpaka likatoka damu. Nimelitazama lile sikio . Nimelinyamazia. Sijui nani kamwambia nini, wala usiniandikie. Mtu akikubebea mzigo gizani humwashii taa.

Alikaa kwangu siku saba, akala, akalala mtana kama paka. Sanduku lake nimelijaza dalia mpaka kifuniko kikakataa. Kalibeba mwenyewe hadi mashua ya kwenda Manda, kwenye uwanja wa ndege, mabega yote mawili manjano, na watu wa gati wakimwuliza bibi harusi ni nani.

Usijione fundi. Mlio wa hiyo mashini umemfukuza paka, mpini bado mrefu, na mtu mwenye haraka hawezi kuitumia. Mwambie Rufus chuma kile chenye meno kinataka mafuta, chalia. Na maharusi wa Shela wameleta maneno, wanataka dalia Alhamisi.

Pini zimekwisha. Lete.

Bibi yako,
Mwanaarabu